Dada anadai talaka, nasi ng'ombe wa mahari tumekwisha kuwatumia: mila na sheria zinasemaje?

Mkazi wa Mugumu

Ndugu wasomaji, naomba msaada wa mawazo juu ya jambo lililoufikisha ukoo wetu mahali pagumu. Dada yangu aliolewa kimila hapa wilayani Serengeti, mahari yake ikawa ng'ombe 14 na mbuzi kadhaa, na katika ndoa hiyo amejaliwa watoto 3. Mumewe amekuwa akimpiga kwa muda mrefu. Mara ya mwisho alifika nyumbani kwa baba jino la mbele likiwa limevunjika na mtoto mdogo akiwa mgongoni, na akasema waziwazi kwamba safari hii harudi. Baba hakumfukuza, lakini alimuuliza swali ambalo mpaka leo sijapata la kulijibu: "Mwanangu, ng'ombe wale nitawatoa wapi?"

Wenzangu wa mkoa wa Mara wataelewa mara moja, ila kwa wengine nieleze. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Katika wale 14, ng'ombe 9 walitoka zizini msimu uleule wakaenda kwa wakwe zangu. Naikumbuka vizuri siku ile: wazee walikaa chini ya mti, kila ng'ombe akitajwa kwa rangi yake na kijiti kimoja kikilazwa chini, mpaka mzee mmoja wa upande wa mke wangu alipomkataa mtamba wa kijivu kwa kuwa jicho lake moja lilikuwa na ukungu, ikabidi abadilishwe. Kati ya waliobaki, wengine walikufa kwa ugonjwa na wengine waliuzwa kwa sababu ya ada ya shule. Kwa hiyo shemeji akidai chake, kwa kweli anaidai mahari ya mke wangu, na wakwe zangu hawana sababu yoyote ya kunirudishia kitu, kwa kuwa binti yao yuko kwangu na tunaishi kwa amani. Dada yangu amefungwa na ndoa mbili, yake na yangu.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, sheria ya Tanzania inamlazimisha mwanamke au baba yake kurudisha mahari ndipo aachike? Pili, jamii nyingine zenye desturi ya mahari hufanya nini ndoa inapovunjika, na je, kote mzigo humwangukia mwanamke? Naomba tusiitukane mila. Naiheshimu, na ndiyo iliyonipa mke. Nataka kujua mlango uko wapi.

Mwanasheria wa Kanda ya Ziwa

Ndugu, pole sana kwa yaliyompata dada yako. Nianze na lile linalomsumbua baba: hakuna kifungu katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachomtaka mwanamke, wala mzazi wake, arudishe mahari ndipo talaka itolewe. Mahakama inayoombwa talaka huangalia jambo moja kubwa, yaani iwapo ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka tena, na ukatili, uwe wa mwili au wa akili, umetajwa katika kifungu cha 107 miongoni mwa mambo yanayothibitisha kuvunjika huko. Kifungu cha 66 nacho kinatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Tena kifungu cha 41 kinaeleza kuwa kutofuatwa kwa mila za mahari hakuifanyi ndoa iwe batili. Sasa kama ndoa inaweza kuwapo bila mahari, ni vigumu kuona kwa nini isiweze kuisha bila mahari kurudi.

Hofu ya baba haikutoka hewani, hata hivyo. Mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Na. 279, Serikali iliandika na kutangaza sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na ndani yake zimo kanuni za kurudisha mahari zinazoangalia nani mwenye kosa katika kuvunjika kwa ndoa na kama wamezaliwa watoto. Wazee wengi wanaposema "sheria inasema" wanakumbuka kanuni hizo, au wanakumbuka mahakama za zamani zilivyokuwa zikizitumia. Lakini Sheria ya Ndoa ilikuja baadaye, na sheria inayosimamia matumizi ya mila mahakamani inasema kwamba mila haitatumika katika jambo ambalo Sheria ya Ndoa imekwisha kulitolea kanuni. Talaka ni jambo la namna hiyo. Kwa hiyo madai ya ng'ombe, kama yapo, ni shauri la pembeni baina ya waliotoa na waliopokea. Dada yako si mdaiwa katika shauri hilo, na talaka yake haiwezi kusimamishwa mpaka ng'ombe wapatikane.

Kuna upande mwingine ambao familia nyingi husahau kwa sababu mazungumzo yote yamemezwa na hesabu ya mifugo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika rufani yake, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za mtaji, naye Bi Hawa akazitumia vibaya, lakini kanuni aliyotuachia ndiyo tunayoitegemea hadi leo. Ikiwa shemeji yako anataka kuhesabu ng'ombe alioleta, basi nasi tuhesabu shamba lililolimwa na nyumba iliyojengwa kwa miaka yote hiyo.

Kwa utaratibu, shauri huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha litatoa hati, na kwa hati hiyo dada yako anaweza kufungua shauri la talaka hata katika Mahakama ya Mwanzo. Kama bado hajaenda polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwa daktari, kwa ajili ya lile jino, aende haraka, kwa sababu ushahidi wa daktari ukichelewa huanza kutiliwa shaka.

Mzee wa Ritongo

Kijana wangu, nimeyasoma maneno ya mwanasheria na siyapingi, maana mahakama ni mahakama. Nina neno, hata hivyo, kwa wale wanaodhani ng'ombe ndio waliomvunja binti yetu jino.

Mahari haikuwa bei. Ng'ombe wale walizifunga koo mbili, na kwa kuzifunga waliwapa wazee wa pande zote sababu ya kuingilia mambo yanapoharibika. Nilipokuwa kijana, mume aliyempiga mkewe hadi kumtoa damu alisimamishwa mbele ya ritongo, yaani baraza letu la kimila, akaulizwa, akatozwa faini, na mke alikaa kwa baba yake mpaka faini ile itolewe. Siku hizi vijana hawaitiki wito wa wazee, nusu ya mahari inalipwa kwa simu, na mume akimpiga mke tunaambiwa ni mambo ya watu wawili. Mmebomoa uzio kisha mnashangaa fisi ameingia.

Jambo la pili ni kwamba kwa mila, palipo na watoto ng'ombe hawarudi wote. Watoto wanabaki kwa ukoo wa baba yao, na kila mtoto anapunguza idadi. Mzee anayedai ng'ombe wote 14 huku wajukuu 3 wakicheza uani kwake anadai kwa tamaa, na hata sisi wazee tutamkatalia.

La tatu ni kwa wanaosema ng'ombe ni mambo ya wanaume tu. Kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu, na iko mpaka leo. Mila yetu ina vyumba vingi ambavyo watu wa mijini hawajavifungua.

Mwalimu wa Busia

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni Mkenya ninayefundisha hapa mpakani, na jirani zetu wa Uganda wamelipeleka swali hilihili hadi Mahakama ya Juu, kwa hiyo naomba nilieleze kwa kirefu kidogo.

Shirika la Mifumi, lenye chimbuko lake Tororo, lilifungua shauri mwaka 2007 likitaka mahari itamkwe kuwa kinyume cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kwa hoja kwamba inamfanya mwanamke aonekane amenunuliwa na kwamba deni la kuirudisha linamfunga katika ndoa ya mateso. Mahakama ya Katiba ilikataa mwaka 2010. Shirika likakata rufaa, na mwezi Agosti mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wenye pande mbili. Katika upande wa kwanza, majaji walio wengi walikataa kuiharamisha mahari yenyewe, kwa sababu watu wazima wanaokubaliana kuitoa na kuipokea hawavunji Katiba, na dhuluma za baadhi ya waume haziwezi kubebeshwa wote wanaoifuata desturi hiyo. Katika upande wa pili, mahakama ilitamka kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Ilionekana kwamba dai hilo linamfanya mke kama kitu kilichoazimwa, ambacho kikirudi kwao mwenye mali naye anarudishiwa chake, na kwamba linapuuza kabisa mchango wake katika miaka aliyoishi ndani ya ndoa. Tena wazazi wake huenda wamekwisha kuitumia mali ile, wakamsukuma arudi kwenye kipigo kwa kukosa cha kurudisha. Ndugu wa Mugumu, ukiusoma uamuzi ule utadhani majaji waliketi sebuleni kwa baba yako.

Sitaki kukudanganya kwamba vijijini mambo yalibadilika siku iliyofuata. Upande huu wa mpaka na upande ule bado ziko familia zinazoyamaliza haya kwa wazee wa ukoo, kimyakimya, kwa kuwa kumpeleka mkwe mahakamani ni aibu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya baba anayeamini ana deni na baba anayejua kwamba anayemdai hana pa kulipeleka dai lake.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilichukua njia nyingine. Kifungu cha 44 kinasema kwamba panapohitajika mahari ili kuithibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu ya kuonyesha nia inatosha. Hatua hiyo haiwasaidii sana wanaotaka kutoka katika ndoa, ila imewasaidia wajane na wake waliokuwa wakiambiwa hawakuolewa kwa sababu mahari haikumalizika. Na Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 imewapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja.

Mzee wangu, kuhusu hoja yako kwamba ng'ombe huilinda ndoa, wasomi wa mambo ya jamii wameibishania kwa miongo mingi. Mwaka 1950 Max Gluckman alilinganisha Wazulu, ambao mahari yao ilikuwa kubwa na talaka zao chache, na Walozi wa Zambia, ambao walitoa mahari ndogo na wakiachana mara kwa mara. Hakuhitimisha kwamba ng'ombe ndio waliozuia talaka. Aliona kwamba mahali ambapo ukoo wa baba una nguvu na unawataka watoto wote, talaka huwa adimu na mahari huwa kubwa, mambo yote mawili yakitoka katika shina moja. Hata hapa Afrika Mashariki, Waluguru wa Morogoro na Wayao wa kusini, ambao hufuata ukoo wa mama, hawakuwa na sababu ya kutoa mifugo mingi kwa ajili ya watoto ambao kwa vyovyote ni wa upande wa mama, na ndoa inapovunjika huko hakuna zizi la kuhesabu. Uchache wa talaka si ushahidi kwamba wake wameridhika. Wakati mwingine ni ushahidi kwamba mlango umefungwa kwa nje.

Bint Seif

Ndugu yangu wa Mugumu, Mungu ampe dada afueni. Nami nakuandikia kutoka Mombasa, ambako neno ni lilelile, mahari, lakini mwenye kuimiliki ni mwingine.

Kwa Waislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Aya ya 4 ya Suratun Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na hawaachii wengine kitu katika hiyo isipokuwa kwa ridhaa yao. Baba hana fungu. Ni kweli watu wa pwani tuna kilemba cha baba na mkaja wa mama, na mshenga mwerevu atajua kuyapanga yote hayo siku ya posa, lakini hizo ni ada, wala hakuna anayezihesabu kuwa mahari. Mume akimwacha mke baada ya kuishi naye, mahari inabaki kuwa ya mke, na iliyokuwa haijalipwa inakuwa deni juu ya mume. Katika nchi kadhaa za Kiarabu sehemu kubwa ya mahari huahirishwa makusudi ili mume afikirie mara mbili kabla ya kutamka talaka, kwa hiyo huko uzito wa mahari humwelemea mwanamume anayetaka kutoka.

Hata hivyo sitaki uone kwamba kwetu ni peponi. Mke akitaka kutoka bila kosa la mume, njia yake ni khului, naye hurudisha mahari. Asili yake ni hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, aliyekwenda kwa Mtume akasema halaumu dini wala tabia ya mumewe, ila hawezi kuishi naye. Akaulizwa kama yuko tayari kumrudishia bustani aliyompa mahari, akakubali, naye Thabit akaamriwa aipokee na amwache. Misri iliifanya njia hii iwe ya kisheria mwaka 2000, hata mume asiporidhia, kwa sharti kwamba mke arudishe mahari na aachilie haki zake za kifedha. Wanawake wengi wa huko waliipokea kwa furaha, na wengine wakasema ni mlango wa matajiri.

Tena ziko hila. Mume mbaya akijua mke amechoka, humnyima talaka na kumtesa kidogokidogo mpaka yeye mwenyewe aombe khului, ili mahari irudi mfukoni mwake. Kwa ajili hiyo kuna faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa kwa sababu ya madhara, na huko mke aliyepigwa hahitaji kununua uhuru wake. Dada yako angekuwa kwetu, kwa jino lile asingeshauriwa khului hata kidogo. Angepelekwa kwa kadhi akiwa na cheti cha daktari.

Nikilinganisha, naona swali la kuuliza si kama mahari ipo au haipo. Ni nani aliyeishika mkononi. Ikiwa iko kwa baba, baba ndiye atakayeogopa talaka. Ikiwa iko kwa mke, angalau anayeamua kuitoa au kutoitoa ni yeye.

Niliyeolewa kwa ng'ombe wa wifi

Nitasema machache. Mimi ndiye yule mwanamke wa pili katika hadithi kama hii. Ng'ombe walionioa walitoka kwa wifi yangu, na kila alipokuja nyumbani akiwa na uso uliovimba, mama mkwe alikuwa akinitazama mimi kabla ya kumtazama binti yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza nina maoni gani. Laiti wangeniuliza, ningewaambia kwamba niko tayari kukamua na kuuza maziwa kwa miaka mitano wifi yangu akae salama, kuliko kulala katika ndoa inayolipiwa na mbavu zake. Kaka wa Mugumu, katika maneno yako yote mke wako amenyamaza. Mwulize.

Mwanafunzi aliyeko Wuhan

Nimekuwa nikisoma huku China na nimeona kwamba suala hili linawaumiza kichwa hata watu ambao hawajawahi kufuga ng'ombe. Hapa kuna caili, fedha ambazo upande wa mwanamume huupa upande wa mwanamke kabla ya ndoa, na katika vijiji vya baadhi ya majimbo zimepanda hadi familia zinaingia katika madeni. Ndoa zikivunjika, kesi hujaa mahakamani.

Mahakama ya Juu ya nchi hii ilitoa mwongozo mpya ulioanza kutumika tarehe 1 Februari 2024. Kwa ufupi, wenzi wakiwa wamesajili ndoa na kuishi pamoja, ombi la kurudishiwa fedha kwa kawaida hukataliwa. Ikiwa waliishi pamoja kwa muda mfupi na fedha zilikuwa nyingi mno, jaji anaweza kuamuru sehemu irudishwe, baada ya kuangalia kiasi kilichotolewa, maisha yao ya pamoja, kama kuna mimba au mtoto, makosa ya kila upande na desturi ya mahali hapo. Mimi naipenda busara hiyo ya kuhesabu muda na watoto, na nadhani Mzee wa Ritongo ataitambua. Ila kuna jambo linalonitia shaka: uchumba ukivunjika, wazazi waliotoa au kupokea fedha wanaweza kuunganishwa katika kesi, lakini katika kesi ya talaka wadaawa wanabaki kuwa mume na mke peke yao. Maana yake mke anaweza kudaiwa fedha ambazo zilikwisha kujenga nyumba ya kaka yake. Hapo wakili wetu wa Kanda ya Ziwa yuko mbele yao.

Niongeze India kwa kifupi, maana wengi hudhani kwamba kama mali ingetoka upande wa pili matatizo yangeisha. Huko mali hutoka kwa wazazi wa bibi kwenda kwa bwana. Sheria ya mwaka 1961 iliipiga marufuku, na inasema kwamba mtu yeyote aliyeipokea lazima amkabidhi mwanamke mwenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi 3. Desturi haikufa. Mwaka 1986 ikabidi kiongezwe kifungu katika kanuni ya adhabu kuhusu wake wanaokufa vifo visivyo vya kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa baada ya kusumbuliwa kwa ajili ya mali hiyo. Na kwa wapenda historia, sheria za Hammurabi wa Babeli, zenye umri wa zaidi ya miaka 3,700, ziliamua kwamba mke asiye na kosa ambaye mume wake anamdharau na kutangatanga atachukua mali aliyokuja nayo na kurudi kwa baba yake. Wababeli walikwisha kuuliza nani mwenye kosa kabla ya kuuliza nani mwenye mali.

Mzee wa Ritongo

Bint Seif amesema neno zito kuhusu mkono unaoishika mahari, nami nimelitafakari. Bado nasema ng'ombe akikabidhiwa binti mwenyewe, ukoo hautakuwa na sababu ya kumfuatilia. Huko mjini nani humfuatilia mwanamke aliyeolewa kwa pete tu? Lakini nakubali hili: mzee aliyepokea ng'ombe akashindwa kumlinda binti, kisha akamrudisha kwa mpigaji ili asidaiwe, huyo amekula mahari mara mbili. Kijana, mwambie baba yako nimesema hivyo, na kama anaona vema nitakuja mimi mwenyewe tukae naye.

Mkazi wa Mugumu

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee dada aliyenitaka nimwulize mke wangu. Nimemwuliza. Amesema twende kwa wakwe wa dada tukamalize, na kwamba yuko radhi tutoe mtamba mmoja na ndama wake wa mwaka huu.

Dada amepata PF3 na amepimwa hospitali. Wazee wa upande wa shemeji wametuma mshenga wakisema kwamba, wakiwatoa watoto 3 katika hesabu, watapokea ng'ombe 5 na jambo liishe siku hiyohiyo, mbele ya wazee, bila mahakama. Baba ameanza kupumua. Anasema ng'ombe 5 anaweza kuwapata, na kwamba ni bora kununua amani kuliko kushinda kesi na kupata maadui kijiji cha pili. Nami sioni ubaya wa kutoa kitu kwa hiari, hata kama sheria hainilazimishi. Swali langu kwa mwanasheria ni moja: tukikabidhi ng'ombe hao na wazee wakatamka kwamba ndoa imekwisha, je, dada yangu atakuwa ameachika?

Mwanasheria wa Kanda ya Ziwa

Hapana, na nakuomba mlishike hili kuliko yote niliyoandika. Kwa Sheria ya Ndoa, ndoa iliyofungwa nchini, hata ile ya kimila, haivunjwi na wazee wala na ng'ombe. Mbali na kifo, dada yako ataachika kwa amri ya mahakama tu. Nimewaona wanawake ambao mahari yao ilirudishwa wakajiona huru, wakaolewa tena, na miaka mingi baadaye mume wa kwanza akafariki au mali ikagombaniwa, ndipo wakagundua kwamba mbele ya sheria ndoa ya pili haikuwa ndoa.

Kwa hiyo, kama baba anataka kutoa ng'ombe 5 kwa ajili ya ujirani, atoe, na hakuna atakayemlaumu. Lakini shauri la Baraza liendelee, na hati ipatikane. Makabidhiano yaandikwe, mashahidi wa pande zote watie sahihi, na iandikwe wazi kwamba ng'ombe hao wanamaliza madai ya mahari baina ya wazee wa koo mbili, na kwamba hayagusi haki ya dada yako katika mali ya ndoa wala suala la watoto. Msikubali kuandikiwa kwamba kwa kuwa ng'ombe wamepunguzwa kwa idadi ya watoto, basi watoto wameachwa kwa baba. Mahakama hutazama kwanza ustawi wa mtoto, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kudhani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mahali pazuri kwake ni kwa mama yake. Yule aliyekuwa mgongoni siku dada alipofika nyumbani yumo katika kundi hilo, na karatasi ya wazee ikisainiwa kwa haraka inaweza kuwasumbua baadaye bila sababu. Kabla ya kuisaini, ipelekeni kwa kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu isomwe na mtu asiye na ng'ombe katika jambo hili.